Mtakatifu wa Wachunga Kondoo

Jumapili baada ya misa niliingia kwa akina Veronka kama mwenye nyumba. Tangu mavuno ya zabibu mama yake alikuwa akinikalisha benchi la kona, chini ya picha za watakatifu. Mposaji asiyetakiwa huachwa karibu na mlango. Mimi nilikuwa wa kona.

Nikainua macho, damu ikanichemka. Bikira Maria niliyemletea Veronka kutoka hija, nikimkumbatia kifuani mwendo wa siku mbili kwa miguu, hayupo! Mahali pake ananing'inia Mtakatifu Vendel na kondoo wake, msimamizi wa wachunga kondoo. Na kijijini kwetu mchunga kondoo asiye na mke ni mmoja tu: Gáspár, yule anayepaka masharubu mafuta ya nguruwe.

"Kumbe Gáspár ameshahamia," nikasema.

"Kahamia wapi?" Veronka akauliza.

"Hapo ukutani. Hongera. Imebaki harufu ya zizi tu."

Mama yake akacheka. "Ambrus mwanangu, kunywa divai. Mashairi baadaye."

Sikunywa. Nilipanda benchi na viatu vyangu, nikamgeuza mtakatifu uso ukutani. Mama akafanya ishara ya msalaba.

"Shuka, we mwendawazimu!" Veronka akafoka. "Huyo kaletwa na baba! Kondoo wetu kwato zinaoza, hulijui hilo?"

"Na Maria wangu?"

Alinivuta mkono hadi kwenye sanduku lake la arusi, lile lililochorwa maua mekundu, akainua kifuniko. Upande wa ndani wa kifuniko, juu ya mashuka aliyoyafuma mwenyewe, Maria wangu alikuwa amebandikwa kwa uji wa unga. Msichana habandiki hapo ila picha atakayokwenda nayo kwa mume, na mume huyo ni yule aliyempa.

Ningenyamaza tu, ingetosha. Lakini pembeni mwa picha uji ulikuwa umekauka na alama ya kidole gumba. Kipana. Si cha Veronka.

"Nani alikusaidia kubandika?"

Aliuachia mkono wangu.

"Baba," akasema. "Tena alikuwa anakusifu."

Akashusha kifuniko, akageuza ufunguo, akautumbukiza kifuani.

"Ukitafuta mke, Ambrus, tafuta yatima. Asiye na baba, asiye na kondoo, asiye na mtakatifu hata mmoja."