Misalaba ya Kibarazani

Bwana Whitcombe wa kamati ya majengo ya kale alikuja kwetu amevaa viatu vya kupandia milima, kana kwamba Jeppestown, hapa Johannesburg, ni porini. Alisimama katikati ya chumba changu bila kuitazama cherehani yangu, wala kitanda changu, wala mimi mwenyewe, akaangalia dari. Akahuzunika. Dari ya bati la maua ilikwisha kuibwa, meko ya marumaru nayo hivyo hivyo, na ngazi tulikuwa tumeiziba mapengo kwa mbao za makasha. Aliandika kila kitu daftarini huku akiguna.

Nyumba hii ilijengwa mwaka 1898 na mhandisi wa migodi, Mskoti aitwaye Dunbar. Baada yake akakaa daktari wa meno, kisha mjane aliyefundisha piano. Nayajua haya kwa sababu Whitcombe aliyasema mara nne. Kwa maelezo yake, tangu mjane afe mwaka 1961 nyumba haikuwa na mtu. Sisi familia saba, wengine tukiwa humu miaka kumi na minane, hatukuwa wakazi. Tulikuwa uharibifu.

Hata hivyo tulimhitaji, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mwenye nyumba alitaka kuibomoa ajenge duka la matairi. Kamati ikiitambua kuwa jengo la kale, hakuna wa kuigusa, nasi tutabaki. Whitcombe alikwisha kutikisa kichwa kwamba hamna cha kuokoa, ndipo akatoka kwenye kibaraza cha ghorofani akaona vyuma vya ukingo.

Akavua kofia. Vyuma vile vimepindwa kuwa majani na maua kutoka nguzo hadi nguzo, na kila baada ya maua mawili pana msalaba ulioinama, ncha zake nne zimetanuka. Akasema ni kazi ya Glasgow, imeletwa kwa meli, na ule ni msalaba wa Mtakatifu Andrea, heshima ya Dunbar kwa nchi yake. Akaupapasa machozi yakimlengalenga.

Glasgow, eti. Vyuma vya Dunbar viliuzwa kama chakavu kabla hatujafika. Hivi alivitengeneza mume wangu Évariste, mchomeleaji kutoka Lubumbashi, kwa fremu za vitanda na nondo, kila Jumapili baada ya ibada, miezi kumi na mmoja, kwa sababu nilimwambia sitaki Gaël wetu aanguke kutoka juu. Na ule ni mfano wa msalaba wa shaba wa Katanga, ambao mababu zetu waliutoa kama mahari. Évariste alikuwa akinitania kwamba ananimalizia mahari yangu. Mtoto yeyote wa Lubumbashi angeutambua. Mtaalamu mwenye shahada mbili hakuona hata alama za kuchomelea zilizokuwa chini ya pua yake.

Évariste yuko makaburini mwaka wa tatu sasa. Nikafungua kinywa. Théodore, jirani yangu wa chini, mlinzi wa benki, akanishika kiwiko.

"Eish, Mama Gaël, unyamaze tu. Tuko famille saba humu ndani, tutaenda fasi gani?"

Nikamwacha Whitcombe aandike Glasgow daftarini.

Miezi miwili baadaye watu wa kamati wakaja kubandika kibao cha jengo la kale mlangoni: Dunbar, daktari wa meno, mjane na piano yake. Wakala sandwichi kwenye kibaraza chetu bila kutukaribisha. Whitcombe akaniagiza nizuie watoto wasiegemee vyuma, maana watu wenu, alisema kwa upole, hawajazoea vitu vya thamani. Nilimdharau kuanzia kofia hadi viatu. Kisha akasikitika kwamba hakuna hati inayotaja jina la fundi wa vyuma, akaniuliza kama sisi tumewahi kusikia lolote.

Théodore alinikodolea macho. Mwenye nyumba alikuwa amesimama getini, masikio wazi.

"Hapana, bwana," nikasema. "Tunajua tu kwamba alikuwa Mskoti."

Akatabasamu, akaliandika hilo daftarini.

Walipoondoka nilichukua kitambaa nikafuta misalaba yote, mmoja mmoja, alama za vidole vyao zikatoka. Siku nzima nilikuwa nawadharau wao. Nilipofika kwenye msalaba wa mwisho nilijidharau mimi.