Upande Asiouona Cason

Msimu ule wa futiboli ya Kimarekani shuleni nilikuwa na ratili mia tatu na tano, na watu wa mji wetu, Pruitt Wells, hawakujua jina langu. Walijua namba sabini na nne ya jezi yangu. Wenzangu walijua Kabati, jina nililobandikwa na Dwain Hatcher tukiwa darasa la saba, eti nikisimama mlangoni darasa zima linaingia giza. Nestor Ybarra alijulikana nyumbani kwao tu. Sikununa. Mlinzi akitajwa kwenye kipaza sauti, ujue ameharibu.

Kazi yangu ilikuwa moja. Cason Mayhew alikuwa kwotabeki wetu, yaani ndiye anayepokea mpira na kuurusha, na wale kumi na mmoja wa upande wa pili wanaishi kwa ajili ya kumwangusha kabla hajaurusha. Anarusha kwa mkono wa kulia, kwa hiyo akijiandaa huupa mgongo upande wa kushoto. Huko haoni kitu. Huko ndiko nilikosimama mimi. Mji mzima wa Texas unaweza kumshangilia mtu kwa pasi moja nzuri, na asitokee hata mmoja wa kuuliza kwa nini mbavu zake bado nzima.

Aliyeuliza ni mama yake. Kwetu, kila Alhamisi ya msimu mama wa kwotabeki hupika na walinzi watano huenda kula, na imekuwa hivyo tangu enzi za babu zetu. Bi Lorna Mayhew aliamka alfajiri akaweka kidari cha ng'ombe kwenye moshi kabla ya kwenda kazini kwa daktari wa meno. Jioni alizunguka meza na kijiko kikubwa kama askari wa zamu.

"Nestor, ongeza."

"Nimeshiba, mama."

"Hujashiba. Aliyeshiba hapumui hivyo. Kula, halafu mwanangu asiguswe na mtu."

"Hataguswa, mama."

Nilimwambia hivyo misimu miwili, kinywa kimejaa nyama yake.

Sasa niseme kosa langu, maana bila hilo hakuna kisa. Kila Agosti, kabla hatujavaa helmeti, Bi Imelda, mtabibu wa timu, hutuketisha mbele ya kompyuta. Maneno yanapita, unatakiwa uyakumbuke. Maumbo yanapita, uyakumbuke. Rangi ikibadilika, ubonyeze haraka. Alama zako zinahifadhiwa. Ukigongwa kichwa katikati ya msimu unarudia jaribio lile lile, na alama zikilingana na za Agosti unaruhusiwa kucheza. Aliyebuni jambo hili alikuwa na akili nyingi, ila hakuwahi kuishi na sisi. Kwetu wakubwa huwafundisha wadogo: Agosti, feli. Feli kidogo, usipitilize wakakushtukia. Jifanye mzito, ili ukigongwa Oktoba ukawa mzito kweli, karatasi iseme hujabadilika.

Nilifundishwa na walionitangulia, nami nikamfundisha Cason. Yeye alikuwa na kichwa chepesi, kitabu chote cha mbinu za timu alikikariri kwa wiki moja, kwa hiyo ilibidi afundishwe ujinga hatua kwa hatua. "Neno la tatu na la saba yasahau," nilimwambia. "Rangi ikibadilika, hesabu mpaka mbili ndipo ubonyeze." Tulicheka mpaka machozi. Nilijiona nimempa rafiki yangu ngao.

Mwisho wa Oktoba tukacheza na Coyle. Kijana mwembamba, wa kupeperushwa na upepo, alinizunguka kwa nje nikabaki nimekumbatia hewa. Nilisikia kishindo nyuma yangu. Nilipogeuka, Cason alikuwa chali na kisogo chake kimeacha alama kwenye majani. Aliinuka. Akapiga makofi. Tulipokusanyika akatupatia mbinu ya kucheza, kisha akatupatia ile ile tena kana kwamba ndiyo kwanza ameikumbuka.

Jumatatu Bi Imelda alimketisha kwenye kompyuta. Alama zikatoka karibu sawasawa na za Agosti.

"Kichwa kinauma?"

"Hapana, mama."

"Mwanga unakusumbua?"

"Hapana, mama."

Akatia saini. Angefanya nini? Karatasi ilisema kweli kwa mujibu wa uongo wetu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka Cason shule kila asubuhi kwa gari la baba. Alivaa miwani myeusi na kofia juu yake. Jumatano alitapika dirishani.

"Kabati, leo siku gani?"

"Jumatano."

Tukapita kituo cha mafuta. Tukapita kanisa.

"Kabati, leo siku gani?"

Niliegesha gari kando. "Cason, twende kwa Bi Imelda."

"Ukamwambie nini? Kwamba ulinifundisha kudanganya?"

"Nitamwambia hivyo hivyo."

"Mechi ya mtoano watu wa chuo kikuu watakuja kunitazama. Nikikaa benchi, nafasi ya kusoma bure wanampa mwingine. Mama hawezi kunilipia chuo, wewe unajua. Hata meno yake mwenyewe hayatibu, na anafanya kazi kwa daktari wa meno!" Alicheka, kisha akashika kichwa kwa sababu ya kile kicheko. "Kazi yako wewe ni nini?"

"Kukulinda."

"Basi nilinde. Nisipoguswa nitapona mwenyewe. Nisiguswe tu, basi."

Nikakubali. Sitajitetea. Nilikubali kwa sababu ilinifaa: kama ningeweza kumficha nyuma ya mwili wangu, nisingelazimika kufungua kinywa. Nilimdokezea Dwain, aliyecheza katikati yetu, naye akanikatiza. "Usimwage mtama penye kuku wengi, Kabati. Ukisema la Cason umesema la kila mtu. Tutaketishwa sote upya, na mechi hakuna." Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Shida ni kwamba maradhi niliyaficha mimi, na kilio kingekuwa cha Bi Lorna.

Alhamisi hiyo tukaenda kula. Cason alikaa kichwani pa meza, akasema, "Mama, nipitishie chumvi." Chumvi ilikuwa mkononi mwake. Meza nzima ikaangua kicheko, mama yake akampiga kofi la mapenzi begani na kumwambia mapenzi yamempanda kichwani, msichana mwenyewe nani? Na mimi nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote ili mtu asiniangalie usoni.

Mechi ya kesho yake ilikuwa na timu dhaifu, hakurusha hata mara tano, hakuguswa. Alhamisi ya pili Bi Lorna aliomba kabla ya kula. Alimshukuru Mungu kwa chakula, kisha akamshukuru kwa vijana hawa watano, na hasa yule wa kushoto. Nilitaka aache kuongeza, naye akaongeza.

Jumamosi mchana tukawa Abilene kwa ile mechi ya mtoano, uwanja umejaa, tukicheza na Mesa Blanca. Mtu wangu alikuwa namba tisini na moja, mrefu, mwepesi, mdomo haufungi.

"Oya, bonge! Umepumzika? Mwambie bwana harusi wako naja kumsalimia."

"Njoo basi."

"Naja. Wewe shika tu shati, ndicho unachokiweza."

Alisema kweli. Kila aliponizidi nilimshika shati, na kila nilipomshika mwamuzi alirusha kitambaa cha njano na tukarudishwa yadi kumi. Kitambaa cha kwanza watu waliguna. Cha pili wakanitukana. Cha tatu kipaza sauti kikataja namba yangu, na Kocha Stroud akanikamata kamba ya helmeti akanivuta uso kwa uso.

"Ybarra! Kingine kimoja na unakaa!"

Wa kuchukua nafasi yangu alikuwa Pickering, ratili mia na themanini, mtoto mwema anayeomba radhi akikukanyaga. Nikiendelea kumshika tisini na moja, natolewa, na Cason anabaki na Pickering. Nisipomshika, anapita. Nilipiga hesabu ile kila njia nikiwa nimesimama pale nikitokwa jasho, na kila njia iliishia kwenye kisogo cha Cason.

Tulipokusanyika Cason alisema, "Coyle wanajazana kulia. Twende kushoto."

Coyle tulicheza nao wiki mbili zilizopita. Wote tulisikia. Dwain alitazama viatu vyake, kisha tukaenda kujipanga kama ng'ombe wanaojua njia ya zizini.

Sikumshika shati. Tisini na moja alinizidi nusu hatua, nikajitupa, nikamgusa nyonga kwa vidole tu. Mkono wake ulipita juu ya kichwa cha Cason mpira ukiwa ndiyo kwanza umetoka. Ungeshuka kidogo ungempata kichwani. Pasi ikaanguka chini, tukawaachia wapinzani mpira, tukatoka. Cason aliketi benchini, akavua helmeti akaiweka pembeni, akajifunika uso kwa taulo kuzuia jua.

Sikuamua. Wanaosema waliamua mimi nawashangaa. Nilijikuta nimeishika ile helmeti na natembea. Bi Imelda alikuwa amepiga magoti anamfunga mtu kifundo cha mguu, nami nikamwekea mapajani.

"Usimrudishie."

"Nestor, nini hii? Alipita jaribio."

"Alipita kwa sababu Agosti alifeli kusudi. Nilimfundisha mimi. Wiki mbili sasa anatapika na hastahimili mwanga."

Hakunifokea. Alinitupia jicho moja ambalo mpaka leo sijalisahau, akaiweka helmeti kwapani, akaenda kuchuchumaa mbele ya Cason na kumwondolea taulo.

"Cason, mwanangu, leo tunacheza na nani?"

Cason akatabasamu lile tabasamu lake la kupigiwa picha.

"Coyle, mama. Tunawamaliza."

Kocha alikuja mbio. "Imelda, helmeti."

"Hapana, Kocha."

"Watu wa chuo kikuu wamekaa pale juu!"

"Hata akae gavana. Hii inalala kwangu."

Bila helmeti hakuna anayeingia uwanjani, hiyo ni sheria ambayo hata Stroud hakuweza kuipigia kelele. Akanigeukia mimi. "Umeniua, Ybarra," akasema, kwa sauti ya chini, na ilikuwa mbaya kuliko makelele yake yote. Hapo ndipo Cason alipoelewa. Aliinuka akanipiga kifuani kwa mikono yote miwili, yeye ambaye hakupaswa kumgusa mtu wala kuguswa.

"Kazi yako ni moja! Moja tu!"

Nikamwacha apige mpaka alipochoka. Ilichukua muda mfupi sana, na hilo ndilo lililonitisha.

Tulifungwa thelathini na moja kwa kumi. Kwenye basi hakuna aliyekaa karibu nami, ingawa ukweli ni kwamba kiti changu huwa hakibakizi nafasi. Hospitalini Lubbock walimpiga picha ya kichwa wakakuta damu imevuja kidogo. Daktari alisema pigo jingine moja mwezi ule tungekuwa tunazungumzia jeneza. Chuo kikuu hakikupiga simu tena. Timu nzima iliketishwa upya kwenye kompyuta, na safari hii Bi Imelda alisimama nyuma ya kila kiti.

Siku kumi baadaye, Jumanne, Bi Lorna alibisha kwetu. Nilijua amekuja kunishukuru. Aibu yangu ni kwamba nilichana hata nywele.

Hakukubali kuketi. "Daktari anasema umemwokoa mwanangu."

"Mama, mimi..."

"Sijaja kwa hilo. Ulijua tangu lini?"

"Tangu mechi ya Coyle."

"Umekula kwangu mara ngapi tangu siku hiyo?"

Nilitafuta mahali pa kuweka macho, nikapakosa. "Mara mbili."

"Nilikuongezea?"

"Mara zote mbili, mama."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata bei ya kitu alichokuwa akikiulizia. "Alhamisi, saa kumi na mbili. Usichelewe."

"Msimu umekwisha, mama."

"Wako umekwisha. Wake ndio kwanza unaanza."

Nilikwenda. Viti vinne vilikuwa vitupu, taa zimepunguzwa kwa ajili ya macho yake. Cason hakunisalimia. Alikula taratibu, kila tonge akilitazama kwanza, nami nilikula nikisikia meno yangu mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu na gari la baba liko nje, na sikuwa na ruhusa ya kuinuka.

"Mama," akasema Cason, "nipitishie chumvi."

Ilikuwa mkononi mwake. Bi Lorna alisimama na sufuria yake, hakumjibu. Alikuwa ananitazama mimi. Akangoja.

"Iko mkononi mwako, Cason," nikasema.

Aliushusha uso akaitazama. Aliitazama kwa muda mrefu, bila kuitikisa. Bi Lorna akazunguka meza, akaja upande wangu, akaniongezea nyama.