Nyumba Inayopendeza

Macho ya fundi redio yalikuwa yamezimika, lakini ndani ya nyumba yake ya ghorofa ya tatu hakumhitaji mtu. Kila kitu alikijua kwa mkono. Siku jirani alipompeleka kliniki, binti wa fundi alifungua kwa ufunguo wa akiba, akasogeza kabati, akapanga upya vifaa vya kazi, akatandika zulia jipya, akahamishia sukari, chumvi na viungo vyote kwenye makopo yanayofanana, kisha akakaa kumsubiri.

Baba aliporudi, hatua ya kwanza tu alijikwaa kwenye zulia, akagonga paji la uso kwenye kabati. Binti alikimbia kumshika, naye akausukuma mkono wake. Akapapasa hadi jikoni, akachemsha chai, akatia sukari, akaonja, akaitema. Ilikuwa chumvi.

"Nani kakutuma?"

"Baba, nyumba ilikuwa shaghalabaghala. Sasa inapendeza."

"Inampendeza nani? Umenipofusha mara ya pili, mwanangu."

Binti alianza kulia. Kilio kile kilimzidishia baba hasira, maana sasa ilionekana binti ndiye wa kubembelezwa.

"Utalia baadaye. Rudisha vitu vyangu."

"Sikumbuki vilikaa wapi."

"Mimi nakumbuka."

Akaketi katikati ya sebule, akamwelekeza kitu kimoja kimoja, mpaka bisibisi ya mwisho ikarudi kwenye droo yake. Zulia alimwambia aondoke nalo. Binti alilikunja, akalitia begani, akaaga. Baba aliitikia, lakini mkono hakumpa.