Gurama na Mwenye Kumtunga

Gurama ni dude la kwenye gemu: mwili wa kiboko, masikio ya popo, makao yake pangoni. Duniani halipo, na kampuni iliyolitunga, huko ng'ambo, haijui hata Pemba iko upande gani. Lakini Khairiya wa Gombani alilisimamia kama kadhi anavyosimamia mirathi. Ukurasa wake wa mashabiki wa Kiswahili ulikuwa na sheria moja: lete picha ya skrini kutoka kwenye gemu, au neno lako linafutwa. Watu nao wakizua mno. Huyu atasema Gurama ana wake wawili, yule atasema hufunga Ramadhani. Khairiya akifuta, na tuseme kweli, akifuta kwa raha.

Mwaka juzi mdogo wake, Muadh, naye akaandika lake. Muadh ana selimundu, maradhi ya damu. Mifupa ikimshika hulala siku nyingi, na chumba chake hugeuka baraza. Majirani walikuwa wakiingia kumtazama bila hata hodi, wanamkuta kauma mto analia, wanamsikitikia mbele ya uso wake. Aliyachukia hayo kuliko maumivu yenyewe. Ndipo akaandika kwamba Gurama hamdhuru anayesimama mlangoni mwa pango akabisha hodi mara tatu, na asipoitikiwa akarudi zake, kama dini ilivyotufunza. Mashabiki waliipenda habari hiyo, wakainakili, wakaitafsiri, bila kutaja jina lake. Khairiya akaifuta. Juu yake akabandika tangazo, kwa herufi kubwa, kwamba Muadh wa Gombani ni mzushi na asisikilizwe. Alijiona mwadilifu kweli kweli, eti hapendelei ndugu.

"Dada, si ungenambia tu?" Muadh alimuuliza siku ile.

"Sheria ni sheria," akajibu, akenda zake jikoni.

Wiki iliyopita likatoka toleo jipya la gemu. Ukibisha mara tatu mlangoni mwa pango kisha ukageuka kurudi, Gurama hujilaza chini, anakuacha salama. Kampuni ikajisifu kwa ubunifu wake, na dunia nzima ikapiga makofi.

Khairiya aliyaona hayo. Akaandika mbio kwamba jambo hili si la kampuni, ni la Muadh, kalitunga kitandani kwa uchungu wake. Msaidizi wake, Jabir wa Jadida, ambaye Khairiya mwenyewe alimkabidhi madaraka yote ya ukurasa kwa sababu ya ukali wake, akayaondoa maneno hayo papo hapo. Alitaka picha ya kuthibitisha. Picha ingetoka wapi, na andiko la Muadh alilifuta Khairiya kwa mkono wake? Lililobaki ni lile tangazo tu, na watu wakalifukua. Kumbe ni yule mzushi! Leo anataka kujipachika sifa za wenzake!

Khairiya akaomba, akaapa. Jabir akamjibu kwa heshima zote: "Bi Khairiya, weye ndiye ulonambia nifute, hata akiwa ndugu yako."

Alipoingia chumbani, Muadh alikuwa amekaa kitako, uso umemchangamka. Habari za toleo jipya zilishamfikia.

"Wasemaje watu, dada? Nsomee."

Khairiya akaishika simu, akasoma yasiyokuwepo. Hongera Muadh. Kijana wetu katutoa kimasomaso. Mungu akupe afya. Maneno yalimjia mepesi, hata mwenyewe alishangaa, na kadiri Muadh alivyotabasamu ndivyo alivyozidi kuyatunga.

"Hebu npe nione mwenyewe."

"Utaumiza macho bure."

Muadh akaichukua simu mkononi mwake. Akasoma mpaka mwisho, kisha akamrejeshea.

"Wasema miye mzushi."

"Wajinga tu hao, Muadh. Hawajui kitu."

"Si wajinga," alisema. "Wamefunzwa na weye."

Akajilaza taratibu, maana nyonga ilikuwa ingali yamuuma, akampa mgongo.