Nusu Toni

Jumapili ile Ersilia Montruccoli hakukalika. Mara aketi, mara ainuke, mara afungue dirisha na kulifunga. Anolini, tambi zilizojazwa nyama, alizoletewa na wifi yake zikapoa ndani ya supu. Miaka thelathini ameimba opera, Milano hadi Buenos Aires, lakini jukwaa la kwao Parma ndilo lililomtia kiwewe. Watu wa roshani ya juu, kwenye viti vya bei ya chini, wanazijua opera kuliko sala zao, na ukikosea wanakuzomea mchana kweupe, uwe nani sijui.

Mkali wao ni Oreste, kaka yake, muuza jibini. Huyo sikio lake si la mchezo! Mwaka fulani alimzomea dada yake huyohuyo, kisha jioni akaja kula kwake bila haya.

"Sauti ilichoka," alimwambia. "Ulitaka nikudanganye, dada? Wageni ndio wanaodanganywa."

Ersilia alilia siku mbili, kisha akarudi mazoezini.

Sasa ana miaka hamsini na minne, na noti moja ya juu imeanza kumkimbia. Kabla ya onyesho la mchana, Maestro Bertani, kiongozi wa okestra, akabisha hodi chumbani kwake.

"Mama, ule wimbo wa mwisho, wenye noti hiyo, tuushushe nusu toni, chini kidogo tu. Nani atajua?"

"Oreste atajua."

"Mtu mmoja tu, jamani."

"Huyo mmoja ndiye ninayemwimbia."

Akaijaribu noti. Ikapasuka. Akaijaribu tena huku akizunguka chumba kizima, ikapasuka vibaya zaidi. Maskini, angefanyaje?

"Shusha," akasema, na aliona haya kumtazama usoni.

Wimbo ukashushwa, na noti ikatoka nzima, laini. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ersilia akainua macho roshanini, akingoja kuzomewa. Kusema kweli alikutamani kule kuzomewa, maana Oreste hapotezi pumzi yake kumzomea mtu ambaye hatarajii tena kitu kutoka kwake.

Oreste alikuwa amesimama, anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, machozi yanamtiririka.

"Safi, dada! Safi kabisa!"

Ersilia akainama, akatabasamu kama kazi inavyotaka. Kaka yake alikuwa amemdanganya kama mgeni, na kwa hilo akajua kwamba hataimba tena.