Ufunguo wa Dari

Ufunguo wa dari ulining'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha mama, na tangu baba afariki hakuna aliyeugusa ila mimi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilifika asubuhi, nikaegemeza ngazi kwenye ujia, mbele ya chumba cha mama, nikafungua kile kilango cha mbao, nikapanda na kitambaa cheupe mfukoni. Shule ya bweni ilinifundisha kwamba chumba hakihesabiwi kuwa safi mpaka kitambaa cheupe kipitishwe juu ya boriti na kurudi cheupe. Wenzangu waliiacha desturi ile getini siku tuliyomaliza. Mimi niliondoka nayo.

Jumamosi hiyo msumari ulikuwa mtupu.

"Nimempa shemejiyo," mama alisema, akiendelea kukunja mashuka, kana kwamba anazungumzia kikombe cha chai.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, ni fundi wa majokofu: mtu wa mikono mikubwa na sauti ndogo. Mama alinieleza kwamba Jumatano alisikia panya wakikimbizana juu yake, kisha taa ikazimika, akampigia simu shemeji kwa kuwa ndiye akaaye karibu. Shemeji alipanda, akakuta waya umetafunwa hadi shaba inaonekana, tena ukigusana na gunia la magazeti ya marehemu baba. Alizima umeme, akabadilisha waya, akaliteremsha gunia lisije likashika moto, akalaza mbao za kukanyagia ili mtu asitumbukie chumbani. Kesho yake jioni alingoja popo watoke wote, ndipo akayaziba matundu ya hewa kwa wavu. Hewa ipite, mnyama asipite.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," mama alimalizia.

Mimi ndiye mwenyeji niliyeponywa, na sikukumbuka kuugua. Kilichoniuma zaidi ni gunia lile. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikilifuta vumbi kwa juu, kila mwezi, bila kulisogeza hata mara moja.

Dada yangu huyo, mke wa shemeji, alitoa kichwa jikoni alikokuwa akimenya viazi.

"Kaka, kitambaa chako kimepata mpinzani," alisema.

Nilicheka kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni. Nikamsikiliza akieleza kwamba kazi moja tu imebaki: kinyesi cha popo, lundo zima, nyuma ya tangi la maji. Shemeji angekuja Jumatatu na pampu ya kunyunyizia na barakoa, akilowanishe kwanza, na mama angelala nyumbani kwa dada siku hiyo kwa sababu ya pumu yake. Popo wale walikuwa wameishi miaka mingi darini mwa baba yangu. Sikuona kwa nini nyayo zao zifutwe na mtu aliyeingia katika nyumba hii kwa mlango wa ndoa.

Jumapili nilikwenda kwa shemeji nikamwomba ufunguo. Nilimwambia nataka futi ya kupimia ya baba, niliyoisahau juu. Mimi, niliyewahi kumpeleka rafiki yangu mwenyewe kwa mwalimu wa zamu kwa sababu ya uongo mdogo kuliko huo. Alinipa ufunguo kwa mikono miwili.

"Ila nyuma ya tangi usiguse, kaka. Kile kikiwa kikavu ni adui wa kifua."

Nilimshukuru, nikaondoka.

Nilipofika kwa mama, alikuwa amejipumzisha chumbani mlango ukiwa wazi. Nilipanda polepole, nikafika nyuma ya tangi, nikafagia. Nilifagia kikavu, kwa ufagio mgumu, kwa nguvu zote za mtu anayemwona mpinzani wake mbele yake. Vumbi lilipanda likanifunika. Nikajifunga shati puani nikaendelea. Nilijaza magunia mawili. Nilipopitisha kitambaa juu ya boriti kilirudi cheupe, na kwa kitambo kifupi nilikuwa na furaha kamili. Vumbi lenyewe lilikuwa limekwisha kushuka, kupitia kilango nilichokiacha wazi na nyufa za mbao juu ya kitanda.

Ndipo nikasikia mama akikohoa.

Kwenye zahanati nilikomkimbiza walimvisha barakoa ya kuvutia dawa, akapumua kama anayevuta kamba nzito. Muuguzi aliuliza mgonjwa amevuta nini. Kabla sijafungua kinywa, shemeji, aliyekuja mbio na ovaroli ya kazi, alisema huenda kosa ni lake. Alidai aligusagusa kule nyuma ya tangi siku ile ya wavu, na nyufa za juu ya kitanda hakuziziba. Dada akamtazama mumewe kwa uchungu. Nami nilisimama pale nikamwonea wivu hata kwa kosa ambalo hakulitenda, kwa jinsi alivyolibeba kwa wepesi.

Jioni pumzi za mama zilitulia. Aliniomba ufunguo, nikampa. Akaushika kidogo, kisha akaninyooshea tena.

"Chukua. Shemejiyo amekosea, basi kazi irudi kwako."

Ndicho nilichokitaka tangu jana. Shemeji alikuwa karibu na mlango, akitazama viatu vyake. Mkono wangu ulitoka nusu ya njia ukasimama.

"Mama, vumbi lile ni langu," nilisema. "Nilifagia kikavu. Alinikataza, nikafagia."

Mama aliuweka ufunguo juu ya shuka.

"Niliusikia ufagio," alisema. "Hakuna mwingine katika familia hii anayefagia kama anayemchapa mtu. Nilitaka nione kama utaupokea."

Jumamosi iliyofuata dari yote ilifutwa upya, kwa matambara ya maji. Mama alikaa uani, mbali, kitini. Shemeji alinipa barakoa, akanionyesha jinsi ya kuibana puani, akapanda yeye. Sikufurahi. Kila aliposema "safi hapa" nilitamani kupanda nihakikishe mwenyewe, lakini nikabaki chini. Kitambaa cheupe nilikuwa nimekilowanisha ndooni pamoja na matambara mengine. Kilikuwa cha kijivu tayari.

"Nani yuko juu?" mama aliuliza kutoka uani.

"Shemeji," nilimjibu.

"Na chini?"

"Mimi."

"Basi ngazi ishikwe vizuri," alisema, nami nikaishika kwa mikono miwili.