Upepo wa Nane

"Nane!" Wannes alifoka, pampu ya baiskeli mkononi. "Lami kavu, upepo nane. Ndivyo ilivyokuwa mwaka niliposhinda."

"Mwaka uliposhinda ulipewa paja la nguruwe," mkewe Hilde akamjibu, "na tulishalila likaisha. Punguza upepo huo."

Walikuwa nyuma ya kanisa, baiskeli ya binti yao imeegemezwa kwenye gari. Mbio za wasichana za sikukuu ya kijiji zilikuwa zimebakiza nusu saa. Lieselot mwenyewe alikaa kwenye buti akila mkate wa zabibu. Mfupa wa bega lake la kushoto ulishavunjika mara mbili, mara zote mbioni. Daktari alisema ukivunjika tena, baiskeli basi.

"Kwenye lami kavu, tairi gumu ndilo linalokimbia," Wannes akasema.

"Na kona ya mawe, pale shambani kwa Bertrand, je? Trekta zinapita na viazi vya kiwanda cha sukari tangu alfajiri, tope limejaa juu ya mawe, na manyunyu ya asubuhi yameshalilowesha. Tairi gumu hapo linagusa njia kwa ncha ya kidole. Laini linakaa kitako."

"Mama Lieselot, wewe hujawahi kushindana hata siku moja."

"Kweli. Kazi yangu ni kujaza fomu hospitali kila mnapoanguka."

"Kona ile haina kitu! Ngoja nikuonyeshe." Akapanda baiskeli yake, nayo ina nane, akaondoka.

Hilde akamimina kahawa, akainywa, akaimaliza. Wannes akarudi kwa miguu, baiskeli anaikokota. Upande wake wa kulia ulikuwa safi kabisa. Wa kushoto ulikuwa tope tangu sikio hadi kiatu, na jani la kiazi begani.

"Kona nzuri tu," akasema. "Nilishuka kuiangalia."

"Uliiangalia kwa sikio?"

"Mawe yenyewe siku hizi hayapangwi kama zamani, unajua, enzi zetu..."

Lieselot akajikung'uta makombo, akainama, akabonyeza vali ya tairi la nyuma. Fyuuu.

"Unapunguza mpaka ngapi?" baba yake akauliza.

"Mpaka umalize kueleza, baba."

Wannes akanyamaza papo hapo, na Lieselot akaiachia vali.

Hilde akalibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, akaridhika. Akalibonyeza la mbele, akalipunguza mwenyewe. Kisha akamfunga binti yake mkanda wa kofia.

"Haya, kajipange."